Barua ya Wazi: Bomba Nalo Hutembea, Lipimwe Lingali Baridi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Maendeleo ya Madini;
Kwa Bodi ya Mamlaka ya Petroli ya Uganda, Entebbe;
Kwa wakuu wa vyuo vikuu vyetu vyenye vitivo vya uhandisi, pamoja na uongozi wa Taasisi ya Petroli ya Kigumba.

Yah: Kupima mwendo wa mabomba ya mafuta, na kuanzisha maabara ya mabomba na udongo nchini

Waheshimiwa,

Natanguliza heshima zangu, na kabla sijaingia katika kiini cha barua hii naomba nijitambulishe, kwa kuwa mtu anayewaandikia wakubwa hadharani sharti aseme ametokea wapi. Mimi ni mhandisi mstaafu, mkazi wa Tororo, niliyefanya kazi ya mabomba ya maji kwa zaidi ya miaka thelathini. Sijawahi kuajiriwa katika sekta ya mafuta, sitafuti zabuni, wala sina ugomvi na mtu yeyote katika mradi wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki. Nina ombi moja tu: mwendo wa bomba hilo, pamoja na mabomba madogo yanayolilisha, upimwe na taifa lenyewe kuanzia wakati chuma bado ni baridi, na vipimo hivyo vikae hapa nchini, mahali ambapo mtafiti wa Uganda ataweza kuvifikia bila kuomba ruhusa ng'ambo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu bomba linaanzia kwetu na kuishia Chongoleani, Tanga, na lugha inayoeleweka na mchimba mtaro wa Rakai na mwenzake wa Missenyi, upande wa Tanzania, ni hii.

Najua wapo watakaouliza: bomba lina mwendo gani, kwani ni gari? Naomba nijibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwenye njia ya reli.

Baba yangu alikuwa nyapara wa genge la njia ya reli hapa Tororo katika miaka ya 1960 na 1970. Kazi yake ilikuwa mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, pamoja na kokoto na maungio ya reli. Alfajiri alikuwa akinichukua tukapita juu ya mataruma, naye huniambia nichomeke kidole kwenye pengo lililo kati ya reli na reli, na kidole kiliingia bila shida. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, kidole hichohicho hakikuingia tena. Kando ya njia alikuwa amesimika vigingi vilivyopakwa rangi nyeupe, na kila mwezi alipima kutoka kigingi hadi alama aliyoichora kwenye reli, akaandika katika daftari. Alisema reli hutambaa. Treni zikishuka mteremko zikifunga breki, na jua likipasha na usiku ukipoza, njia nzima husogea kidogo kidogo kuelekea upande mmoja. Na pale inaposongamana, siku ya joto kali hufyatuka kando kama nyoka aliyekanyagwa. Vigingi vilikuwa ndiyo njia yake ya kujua mapema.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma juu ya mabomba ya chini ya bahari, nilishangaa kuikuta kazi ya baba humo. Mwaka 1984 mhandisi Roger Hobbs wa Imperial College, London, alichapisha hesabu za kupinda kwa mabomba yenye joto, na msingi wake aliuazima kwa wahandisi wa reli. Hata leo, bomba la baharini linapolazwa juu ya vipande vya chuma vilivyotangulizwa chini yake ili lipinde mahali palipochaguliwa badala ya mahali linapotaka lenyewe, vipande hivyo kwa Kiingereza huitwa kwa jina lilelile la mataruma ya reli.

Sababu ya yote haya ni jambo dogo ambalo mwanafunzi wa sekondari hulijua. Kilomita moja ya chuma hurefuka kwa milimita 12 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Katika kisima cha kina kirefu baharini, maji ya chini yana nyuzi chache tu juu ya sifuri, ilhali mafuta yanayotoka ardhini yanaweza kufikia nyuzi 100. Tofauti ya nyuzi 90 ni zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita. Bomba lenye kilomita kadhaa lingetaka kurefuka mita kadhaa, lakini udongo wa sakafu ya bahari unalishika. Urefu uliozuiliwa hugeuka kuwa nguvu ya kujisukuma ndani ya chuma chenyewe, na nguvu hiyo, pamoja na shinikizo la mafuta, hutafuta pa kutokea. Bomba lililolala wazi sakafuni hupinda kando. Lililofukiwa haliwezi kwenda kando kwa urahisi, basi hupanda juu na kuchomoza kwenye fukio lake.

Kupinda peke yake si ajali. Wasanifu wa leo hulikubali bomba lipinde, mradi lipinde kwa upole na mahali pengi, ili hakuna kona moja itakayobeba mzigo wote. Hatari ni pale ambapo hakuna aliyetarajia. Mwezi Januari 2000, katika ghuba ya Guanabara nchini Brazili, bomba la inchi 16 la kampuni ya Petrobras lililokuwa likipitisha mafuta mazito yaliyopashwa moto lilipasuka, na lita milioni 1.3 zikamwagika katika ghuba yenye mikoko na wavuvi. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba lilikuwa limelala katika tope laini, likajisukuma kando karibu mita 4 kwa sababu ya joto, na pale kwenye kona kali chuma kikakunjamana kisha kikafunguka. Tope lilikuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Hilo ndilo lililowafanya wahandisi wengi duniani warudi mezani.

Nao walipokuwa mezani walikuwa na tatizo la pili, ambalo kwangu ndilo la kuvutia zaidi, yaani bomba kutembea. Mafuta ya moto yanapofunguliwa, joto huingia kwa upande wa kisima, kwa hiyo sehemu ya mwanzo hutanuka kwanza na kuisukuma iliyo mbele. Mafuta yanapofungwa, bomba lote hupoa karibu kwa pamoja, na kila nusu hujivuta kuelekea katikati. Safari ya kwenda na safari ya kurudi hazilingani. Ukifungua na kufunga mara moja, bomba zima linakuwa limehama sentimita chache kuelekea upande wa baridi. Ukifanya hivyo mara mia, ni mita. Mteremko wa sakafu huongeza mwendo, na vivyo hivyo mvuto wa bomba linaloning'inia kutoka kwenye jukwaa. Mwisho wa safari ni kiungio cha mwisho wa bomba ambacho hakikusanifiwa kusogea kiasi hicho. Ndiyo maana baadhi ya mabomba ya bahari kuu hufungwa kwa minyororo kwenye nguzo zilizozamishwa sakafuni, kama mbuzi kwenye kigingi.

Sasa niseme habari ya udongo, kwa maana hapo ndipo ombi langu lilipo. Hesabu za chuma zimeeleweka muda mrefu. Chuma cha Korea na cha Brazili ni ndugu. Udongo ndio usio na ndugu. Bomba likiwekwa juu ya tope huzama kidogo kwa uzito wake, na maji yaliyo ndani ya tope huanza kutoka polepole, kwa hiyo tope lililo chini ya bomba hukazana na kuwa gumu kuliko la jirani. Likisukumwa haraka, tope hutoa ukinzani wa namna moja. Likisukumwa polepole, hutoa mwingine, na tofauti inaweza kuwa mara kadhaa. Likipinda kwenda na kurudi, hukusanya tuta dogo kila upande, na tuta hilo hukua kila mara, hata bomba linakuwa kama ng'ombe aliyejitengenezea zizi. Kwa hiyo ile tarakimu moja ya msuguano ambayo sisi wa zamani tuliichukua kitabuni na kuiweka kwenye hesabu haikuwa tarakimu moja kamwe.

Mambo haya hayakujulikana kwa kufikiri tu. Yalijulikana kwa sababu Chuo Kikuu cha Australia Magharibi mjini Perth, Chuo Kikuu cha Cambridge na vingine vilikuwa na mashine za kuzungusha udongo kwa kasi ili sanduku dogo la tope liwe na uzito kama wa sakafu nzima ya bahari, na ndani ya sanduku hilo wakaburuta vipande vya bomba mamia ya mara. Tena yalijulikana kwa sababu makampuni yaliyokuwa yakishindana yalikubali, kuanzia 2002, kuweka fedha na takwimu zao katika mradi mmoja wa pamoja ulioitwa SAFEBUCK. Makampuni ambayo hayangepeana hata kikombe cha chai yalipeana vipimo vya mabomba yao, na mengi ya matokeo leo yamo katika miongozo inayotumiwa kusanifu mabomba ya bahari zote.

Uganda haina bahari, na mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya wenye bahari. Naomba tuangalie tulicho nacho. Bomba letu lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 296 ziko Uganda, katika wilaya kumi kutoka Hoima hadi Kyotera. Lina kipenyo cha inchi 24. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba limevikwa koti la kuhifadhi joto na kuwekewa nyaya za kulipasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Ni bomba la moto, na linajulikana duniani kuwa refu kuliko yote ya aina yake. Tukichukua tofauti ya nyuzi 25 kati ya udongo wetu na mafuta, kila kilomita ya chuma inataka kurefuka sentimita 30, na zile kilomita 296, kama zingekuwa huru, zingerefuka karibu mita 89. Haziko huru. Kama ukuta wa bomba una unene wa milimita 15, joto hilo peke yake linazalisha nguvu ya kujisukuma ya tani 170 hivi kila mahali ambapo udongo umelishika bomba barabara, kabla hujahesabu shinikizo.

Sitii chumvi. Nyuzi 50 si 100, bomba limefukiwa kwa kina cha karibu mita 2, na wasanifu wake bila shaka wamepiga hesabu nilizozipiga mimi na nyingine nyingi nisizozijua. Sisemi kwamba bomba litafyatuka. Nasema kwamba litasogea, kwa sababu kila bomba la moto husogea, na swali la mhandisi ni kiasi gani, wapi, na nani anayejua. Angalieni pia kwamba udongo wetu haukamati chuma. Unakamata lile koti la plastiki lililo juu ya povu, povu nalo ndilo linalokamata chuma. Yapo maswali mazuri ya shahada ya uzamili katika mpaka huo mmoja tu, kati ya plastiki na udongo mwekundu wa Mubende uliolowa kwa mvua ya Aprili, na sidhani kama kuna maabara ya Perth itakayoyajibu kwa niaba yetu.

Kuna na vinamasi. Bomba la inchi 24 lenye ukuta wa milimita 15, likiwa tupu na bila koti, lina uzito wa kilo 220 kwa kila mita, ilhali maji linayoyasukuma kando ni karibu kilo 290. Yaani huelea. Ukiongeza koti jepesi, huelea zaidi. Mafundi hulizuia kwa mizigo ya zege, na hesabu za mizigo hiyo hutegemea tena uzito wa tope lililorudishwa juu yake, tope la mizizi ya mafunjo ambalo halifanani na tope la vitabuni. Mwaka 2020 sote tuliona kisiwa cha mafunjo kikielea Ziwa Victoria hadi Jinja na kuizima mitambo ya Nalubaale, nchi nzima ikakosa umeme. Ardhi yetu ya kinamasi ina tabia zake.

Hapa naomba mnivumilie niseme la kwangu, kwa sababu ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Katika mji mmoja wa kando ya ziwa, ambao sitautaja, nilisimamia bomba la plastiki la kuvuta maji kutoka kilindini. Plastiki ile ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo tuliifunga kola za zege kila baada ya mita chache tukaizamisha vizuri, tukapiga picha, tukapeana mikono. Baada ya mwaka mmoja na ushei maji yalianza kuja na matope. Tulibadilisha pampu, tukasafisha chujio, tukalaumiana. Siku moja mvuvi mzee alitusogelea na mtumbwi wake akasema, "Injinia, hilo bomba lenu limehama. Mwaka jana nilikuwa natega nyavu upande huu bila kunasa, sasa nanasa kila siku." Tulipomteremsha mzamiaji, alikuta mdomo wa bomba umelala ubavu ndani ya tope, mbali na pale tulipoamini tumeuweka. Yawezekana hewa iliingia pampu zilipozimwa, bomba likanyanyuka na kutua kwingine. Yawezekana kola ziliteleza kwenye mteremko. Mpaka leo sijui, kwa sababu siku ya kuzamisha hakuna aliyeandika mahali halisi pa kola hata moja. Mkandarasi alisema tulilisogeza sisi, nasi tukasema aliliweka vibaya yeye, na hakuna upande uliokuwa na kigingi cha kuonyesha. Mtoto wa nyapara wa reli nilisahau vigingi.

Nimeeleza kisa hicho ili ieleweke kwa nini nasisitiza chuma baridi. Kipimo cha kwanza kikishapita hakirudi. Bomba likishapata moto, mahali lilipokuwa likiwa baridi panabaki kuwa maneno ya michoro, na michoro huonyesha palipokusudiwa.

Kwa hiyo naomba, kwanza, Mamlaka ya Petroli iagize kwamba katika sehemu zilizochaguliwa, zikiwemo kona, miteremko ya bonde la ufa, vivuko vya vinamasi na pande zote mbili za mahali ambapo mabomba ya mradi wa visima vya mafuta wa Tilenga yanapita chini ya Nile ya Victoria, pasimikwe alama za kudumu zilizofungwa kwenye bomba lenyewe na kuchomoza juu ya ardhi, zipimwe kabla ya joto, wakati wa kuwashwa mara ya kwanza, na kila bomba linapozimwa na kuwashwa tena. Najua kuna waya wa nyuzi za kioo unaofuatana na bomba, na najua kuna kifaa kitakachotumwa ndani yake kusoma umbo la kila kona. Vifaa hivyo vizuri vinaendeshwa na mwenye bomba. Msimamizi anahitaji macho yake mwenyewe, na kigingi cha zege hakihitaji leseni ya programu.

Pili, naomba takwimu za mwendo, na hizo tu, zitenganishwe na siri za biashara. Hakuna mshindani atakayefaidika kwa kujua kwamba bomba la Sembabule limesogea milimita 7. Waliokuwa SAFEBUCK walikuwa na siri kubwa zaidi, nao walizitenganisha. Tanzania, yenye kilomita 1,147 na gati la kupakilia mafuta baharini mwishoni, ina haja ileile, na sioni kwa nini pasiwe na mradi mmoja wa pamoja wa nchi mbili, wenye daftari moja.

Tatu ni maabara, na hapa nawaomba wakuu wa vyuo wasikimbilie ile mashine kubwa ya kuzungusha udongo. Itakuja siku yake. Kinachohitajika sasa ni sanduku imara la chuma lenye urefu wa mita chache, kipande cha bomba halisi na koti lake, jeki ya kusukuma polepole kwa siku kadhaa bila kuzimika umeme unapokatika, na udongo ulioletwa kwa lori kutoka Kikuube, Kakumiro na Rakai ukiwa na unyevu wake. Vijana wa Kigumba wanajua kuchomelea sanduku hilo. Wa vyuo vikuu wanajua kusoma vipimo. Huwa nasikitika kuona mitihani ya uhandisi ikiuliza msuguano wa mchanga wa Ulaya.

La matetemeko sitalirefusha. Tetemeko la Toro la Machi 1966 na lile la Bukoba la Septemba 2016 yanatosha kutukumbusha kwamba ardhi iliyolishika bomba nayo si tulivu, na kwamba baada ya mtikisiko mkubwa mtu wa kwanza kutumwa anapaswa kuwa yule mwenye orodha ya vigingi na vipimo vya mwezi uliopita.

Mwisho, naomba wenyeviti wa vijiji vilivyo kandokando ya njia waelezwe kwa lugha zao maana ya alama hizo, ili zisigeuzwe nguzo za kufungia ng'ombe, na ili mkulima akiona ardhi imeumuka kama mkate juu ya njia ya bomba ajue ampigie nani simu.

Niko tayari kufika Entebbe siku yoyote nitakayoitwa, kwa nauli yangu. Nitakuja na daftari la baba, ambalo bado ninalo, lenye kurasa za vipimo vya kutambaa kwa reli alivyoviandika kwa penseli mwezi baada ya mwezi, na mahali pawili amepiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Hapa legeza maungio kabla ya Januari."

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi mstaafu,
Tororo